Kisanduku cha Ng'ombe

Watu wa habari hii sitawataja majina. Nitamtaja ng'ombe peke yake, maana yeye hana wa kumwonea aibu. Aliitwa Bihogo, alikuwa mwekundu wa rangi ya udongo, na pembe yake moja ilikuwa imevunjika. Sikuwahi kumwona kwa macho. Jina lake lilikuwa ndani ya mashine yangu, nami nikalifuta.

Wakati huo nilikuwa informaticien, yaani fundi wa kompyuta, pekee wa ofisi moja ndogo pale Uvira, mtaa wa Mulongwe. Kazi ya ofisi ilikuwa kutafuta wazazi wa watoto waliopotezana nao vitani, na vita hatukuvikosa. Vikipoa tambarare vinawaka milimani, vikitulia milimani vinashuka barabarani. Watoto waliokotwa njiani, masokoni, katika vituo vya afya, na wengine migongoni mwa watu wasiowajua. Tulikuwa na vituo vitatu kwenye tambarare ya Ruzizi: Kamanyola, Luberizi na Lubarika. Kila kituo kilikuwa na kompyuta moja kuukuu na mwandishi mmoja wa kuingiza habari za watoto. Kila Ijumaa mtu wa pikipiki alileta flash za vituo, nami nikazimimina katika mashine kubwa ya Uvira na kuzilinganisha na orodha ya wazazi waliokuwa wakitafuta.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimetoka masomoni Bukavu na diploma yangu, na katika ofisi nzima hakuna aliyejua nilichokuwa nikifanya, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuniambia nimekosea. Hali hiyo ni mbaya kwa kijana yeyote, na kwangu mimi ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu niliipenda.

Programu tuliyotumia ilikuwa huria. Waliitengeneza watu wa kujitolea wa nchi za mbali, wakaitoa bure pamoja na msimbo wake wote, ili kila mwenye ujuzi aifungue tumbo na kuirekebisha kwa mahitaji yake. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameirekebisha kweli. Chini kabisa ya ukurasa wa mtoto, baada ya umri na mahali alipookotwa, alikuwa ameongeza kisanduku ambacho hakikuwako popote pengine duniani. Juu yake kulikuwa na neno moja: NG'OMBE.

Aliyemwomba akiongeze alikuwa mwandishi wa Luberizi. Huyu alikuwa mama wa miaka hamsini na ushee, msema Kirundi, mkulima wa mpunga, mkatoliki wa misa ya kila asubuhi. Zamani alifundisha darasa la kwanza. Kompyuta aliiandika kwa vidole viwili, akitamka kila herufi kabla ya kuibonyeza, nami nilikuwa nikimwigiza mbele ya wenzangu ofisini ili wacheke.

Jambo alilolijua lilikuwa hili. Mtoto wa miaka mitatu ukimwuliza mama yake anaitwa nani, atakuambia anaitwa mama. Baba anaitwa baba, na kijiji kinaitwa nyumbani. Hapo huna kitu cha kuandika. Lakini mtoto wa wafugaji wa milima ya juu, wale walio juu ya Uvira, amesikia jina moja likiitwa kila jioni tangu azaliwe, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Ni jina la ng'ombe anayemnywesha maziwa. Jina hilo analijua kabla ya kujua lake mwenyewe. Basi yule mama alipoletewa mtoto asiyejua kitu, hakumwuliza habari za wazazi. Alimpa uji, akangoja amalize, akamwuliza kwa Kirundi, kinachosikilizana na lugha ya wafugaji wale, ng'ombe wa kwao anaitwaje, ana rangi gani, yupi anapiga teke akikamuliwa. Mtoto aliyenyamaza siku nne alifungua mdomo. Kisha mzazi akija kutafuta, aliulizwa mambo yale yale. Majibu yakikutana, hakukuwa na haja ya cheti cha kuzaliwa.

Watoto walipatikana kwa njia hiyo, na wafugaji walipeana habari kule juu. Ilijulikana kwamba ukipoteza mtoto, shuka Luberizi, kuna mama anayeuliza ng'ombe.

Kwetu Uvira ilikuwa kichekesho. Tuliiita "programu ya ng'ombe". Nikisema tuliiita, aliyeanza ni mimi. Niseme pia lililokuwa chini ya kicheko hicho. Watu wa milima ya juu hawakupendwa mjini kwetu, walisemwa vibaya barabarani na kwenye maduka, na mimi nilikuwa mtu wa mjini kama wengine. Kisanduku kile kilinikera kwa sababu kilifanya jambo lao lionekane kuwa elimu.

Siku moja wakati wa kiangazi nilisoma tangazo la watengenezaji wa programu ile. Lilikuwa fupi na la adabu. Toleo la pili, walisema, limefika mwisho wa matunzo yake. Hawatalirekebisha tena wala kujibu maswali juu yake. Wanawashukuru wote waliolitumia, na wanawasihi wahamie toleo la tatu. Sina neno juu yao. Walikuwa wachache, walifanya kazi bila mshahara, na mtu anayekupa kitu bure hana deni la kukutunzia mpaka kiama. Tena msimbo wa toleo la pili waliuacha palepale, wazi, kwa yeyote anayetaka kuutunza mwenyewe. Hawakumkataza mtu.

Aliyekataza ni mimi. Lugha ile ya tangazo ilinipendeza sana, ule ubaridi wake, ile namna ya kufunga mlango huku unashukuru. Niliketi nikaandika langu kwa vituo vyote vitatu. Kuanzia Jumatatu ya wiki ijayo, toleo la pili halitapokelewa Uvira. Mashine za zamani zitakusanywa. Msaada wowote kwa toleo hilo umefika mwisho. Nikatia muhuri.

Mama wa Luberizi alinipigia simu Jumamosi.

"Mwanangu, nimepata barua yako. Minye sijaielewa muzuri. Versioni ya pili iko na ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa, mama. Imekufa."

"Imekufa namna gani? Asubui hii niliandika mutoto ndani yake. Iko inatembea muzuri tu."

"Walioitengeneza wamesema imekufa."

"Nabo bako wapi?"

"Ulaya, mama."

"Na huko Ulaya walijuaje ya kama hapa Luberizi imekufa?"

Niliwageuzia simu wenzangu wasikie, tukacheka. Yeye akangoja mpaka tumalize. Kisha akauliza jambo alilokuwa amepigia simu, habari za kile kisanduku, ambacho yeye alikiita kaze.

"Ile kaze ya ng'ombe, mu versioni ya tatu itabakia?"

"Mama, hii ni programu ya dunia nzima. Dunia nzima haina ng'ombe wenu."

"Si ng'ombe wangu, mwanangu. Minye niko na mbuzi mbili tu. Nakuomba, unipe wiki mbili. Kuna katoto kasichana kaliletwa juzi, bibi aliyekabeba alikufa hapa ku santé, ku kituo ya afya, mbele hajasema ni ka nani. Kananiambia ng'ombe tu. Nimekaandika mu kaze. Sasa kama kaze inaenda…"

"Tuma flash, mama. Nitaona."

Kosa la kwanza unaweza kulisamehe, kwamba nilikuwa sijui. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa, kwa Kiswahili cha wazi, na mtu aliyejua kazi kuliko mimi. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi niliwatukana wakiwa wameshika mtoto mkononi.

Flash yake ilifika Jumatatu, siku yenyewe katazo langu lilipoanza. Ningeweza kuirudisha kama tangazo langu lilivyosema, lakini nikajiona mwenye huruma, nikaamua kuipokea. Toleo la tatu lilikuja na kifaa cha kuhamisha habari kutoka toleo la pili. Nilikiendesha kwa flash ya Luberizi pamoja na kumbukumbu zote za zamani za Uvira. Kilienda vizuri mpaka katikati, kikasimama, kikauliza: kuna kisanduku kisichojulikana, NG'OMBE, kihifadhiwe au kiachwe?

Kukihifadhi kulitaka niandike mistari kadhaa ya msimbo, kazi ya nusu siku kwa makadirio yangu ya wakati ule. Nilijua namna ya kuifanya. Nyuma yangu alikuwa amesimama katibu wa ofisi, msichana mzuri ambaye nilikuwa nikimtaka, na alikuwa ameinama kuangalia skrini. Nilitaka kumchekesha.

"Ng'ombe wote machinjoni," nikasema, nikabonyeza kiachwe.

Alicheka kweli. Nilifurahi siku nzima.

Wiki ile nilizunguka tambarare kwa gari la ofisi, nikakusanya kompyuta za zamani, nikazifuta zote mpaka chini, kwa sababu nilikuwa fundi msafi. Nakala ya akiba ilikuwako moja, katika diski ya nje. Niliifuta pia, kupata nafasi ya toleo jipya. Karatasi hazikuwako. Mwandishi wa Luberizi alikuwa na desturi ya kuchoma vijikaratasi vyake vyote kila jioni katika moto wa kupikia, kwa sababu karatasi yenye jina la mlima na ng'ombe inasema mtoto ni wa kabila gani, na kwenye vizuizi vya barabara ya Bukavu walikuwako watu wenye bunduki waliojua kusoma. Alikuwa ameiamini mashine kuliko karatasi. Tulimfundisha sisi kuiamini.

Nilipofika kwake kuchukua kompyuta, aliifuta vumbi kwa ncha ya kitenge chake kabla ya kunipa. Nilimwachia mpya. Ile ya zamani ilikuwa ikila umeme wa kibao kidogo cha jua juu ya bati. Mpya ilitaka jenereta, na jenereta hakuwa nayo. Nilimwambia atajua mwenyewe. Watoto sita aliokuwa nao niliwapakia garini kuwaleta Uvira, na yule msichana mdogo wa ng'ombe alikuwa mmoja wao. Nilimsahau kabla hatujafika, maana alilala njia nzima. Mjini waligawanywa kwa familia za kuwalea, kila mmoja kwake.

Haukupita mwezi, risasi zikaingia Luberizi. Mwandishi wetu akavuka Ruzizi kwenda Burundi na watu wengine, akiwa na blanketi na sufuria. Katika ripoti niliandika kwamba kituo kimefungwa, na kwamba hata hivyo mwandishi alikuwa ameshindwa kuifuata teknolojia. Sentensi hiyo ya pili hakuna aliyeniomba.

Mama wa mtoto alikuja baadaye, mvua zikiwa zimeanza. Alikuwa mwanamke mrefu, mfugaji wa milima ya juu, mprotestanti, na alivaa viatu vya mvua vya kiume. Ng'ombe wao walikuwa wameporwa, nyumba imechomwa, na katika kukimbia alikuwa amempa mama mkwe wake binti yake amshike huku yeye amebeba mdogo. Wakapotezana gizani katika mianzi. Yule mdogo alifariki kwa baridi siku mbili baadaye. Alishuka Luberizi kwa sababu alikuwa amesikia habari za mama anayeuliza ng'ombe, akakuta mlango una kufuli, akaelekezwa kwetu.

Nilifungua toleo la tatu. Ukurasa wake ulikuwa mzuri, wa rangi ya buluu. Ulitaka jina la mtoto, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, na majina ya wazazi kama mtoto mwenyewe anavyoyataja. Alijibu kila swali. Mashine ikatafuta, ikaleta sifuri. Ilikuwa lazima ilete sifuri, kwa sababu upande wa pili mtoto alikuwa ameandikwa: msichana, miaka mitatu hivi, jina halijulikani, wazazi hawajulikani. Wa namna hiyo walikuwa wengi.

"Shefu," akasema taratibu, kwa Kiswahili cha kujifunza sokoni, "mutoto wangu hanajua jina yangu. Hata yake, tuko tunamuita majina mingi. Lakini anajua Bihogo. Munaandika Bihogo. Iko na pembe moja."

"Mashine haiulizi ng'ombe, mama."

"Walituambia inauliza."

"Ilikuwa zamani."

"Zamani ya lini?"

Nilimwambia ya kabla ya Jumatatu fulani. Aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyechelewa gari kwa kosa lake.

Kumwonyesha watoto hatukuweza. Kanuni ilikataza kumpeleka kwa mtoto mtu ambaye faili lake halijalingana, na kanuni hiyo ilikuwa ya haki: wakati wa vita wako watu wanaokusanya watoto wa kuwatumikisha. Kwa hiyo alirudi kambini kwake Kavimvira. Akawa anakuja kila Jumanne. Aliketi kwenye benchi, akaitwa, akauliza kama mashine imeanza kuuliza ng'ombe. Mwanzoni nilimjibu. Baadaye nilimjibu bila kuinua macho. Jumanne moja, nikiwa nimechoka na ofisi imejaa watu, nilisema kwa sauti ya kusikiwa na benchi zima:

"Mama, kama ni ng'ombe unamtafuta, nenda kwa daktari wa mifugo."

Benchi likacheka. Naye akatabasamu kidogo, kwa adabu, akasema, "Asante, shefu," akatoka. Jumanne iliyofuata alikuja tena.

Ulipita mwaka na miezi kadhaa. Barabara ya tambarare ikafunguka, mwandishi wa Luberizi akarudi kutoka ng'ambo akiwa amekonda, akakuta shamba lake la mpunga linalimwa na mtu mwingine. Wakati ule ule mama mfugaji alikuwa amepita Luberizi, kama alivyofanya mara nyingi, kujaribu ule mlango. Wakakutana mlangoni. Asubuhi iliyofuata waliingia ofisini kwangu wawili, na kwa kuwaona pamoja tu nilijua wanakuja kuniambia nini.

Mwandishi hakunisalimu kwa maneno mengi.

"Weye unakumbuka ile flash ya Jumatatu? Mutoto wa huyu alikuwa ndani. Bihogo, mwekundu, pembe moja imevunjika. Minye niliandika na hivi vidole vyangu. Fungua tuone."

"Haimo, mama."

"Fungua."

Nikafungua. Alivuta kiti, akasoma ukurasa wa buluu kutoka juu mpaka chini, akitamka kimoyomoyo. Alipofika mwisho alirudi juu akasoma tena. Kisha akamgeukia mwenzake na kumweleza kwa lugha yao. Sikuelewa yote. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kwa shukrani, lakini hakuna aliyenitukana.

Wasichana wasiojulikana wa mwezi ule wa flash walikuwa wanne. Kwa ushahidi wa mwandishi kanuni iliruhusu sasa kuwatembelea, nasi tukatoka kwa miguu. Nyumba ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Mama yule alitazama mara moja tu mlangoni akageuka. Ya tatu ilikuwa Kimanga, karibu na ziwa. Kutoka kambini Kavimvira mpaka hapo si safari. Watu huenda umbali huo kununua sabuni tu. Mwanamke wa nyumba hiyo alikuwa mwanikaji wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, mtu wa mjini, mnene, mwenye sauti, na alikuwa amemlea mtoto vizuri. Hilo nalisema kwa kuwa ni kweli. Msichana alikuwa na gauni la njano, nywele zimesukwa, na alikuwa akiwafukuza kuku kutoka kwenye samaki kwa kijiti, akiwakaripia kwa Kiswahili cha Uvira.

Mama yake hakupiga kelele. Aliketi chini, palepale mchangani, na viatu vyake vya mvua. Ndipo tukajua ndiye.

Akaita jina moja. Mtoto aliendelea na kuku. Akaita la pili, la tatu, yale majina mengi aliyoniambia. Kisha akaweka mkono mdomoni, akaita ule wito wa jioni, mrefu, wa kuita ng'ombe zizini, Bihogo, Bihogo. Nilikuwa sijawahi kuusikia. Majirani wakachungulia. Watoto wa mtaa wakaanza kuuiga na kucheka.

Msichana akageuka. Alitazama kwa makini. Halafu akakimbilia kwa mwanikaji wa samaki, akajificha nyuma ya kitenge chake.

"Mama," akasema, "fukuza huyu muntu wa juu."

Alikuwa amejifunza mtaani, kama alivyojifunza mengine yote. Nimeshasema kwamba mtaa huo ulikuwa wangu pia.

Mwanikaji akaona haya. Akachuchumaa akamshika mabega. "Usiseme vile. Huyu njo mama yako. Alikuzaa."

"Hapana. Mama ni weye."

Mwandishi wa Luberizi alijaribu. Alimwuliza kwa lugha ya kwao, taratibu, kwa sauti ile ile ya baada ya uji: ng'ombe wa nyumbani anaitwaje? Mtoto alimtazama kama unavyomtazama mtu anayesema Kichina. Lugha ilikuwa imeondoka yote. Katika mwaka ule na miezi yake, kila wiki ilikuwa imechukua sehemu, na Jumanne zote zile mama mtu alikuwa ameketi kwenye benchi langu.

Mama akaniita. Nikachuchumaa karibu naye.

"Shefu. Ile siku ya kwanza nilikuja. Angenijibu?"

"Sijui, mama," nikasema.

Nilijua. Siku ya kwanza alipokuja, mtoto alikuwa na miezi michache tu mjini, na mlezi aliniambia baadaye kwamba siku zile kila jioni alikuwa akisimama nyuma ya nyumba na kuita neno ambalo hakuna aliyelielewa.

Kulikuwa na utaratibu wa kuzoeshana, kutembeleana kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Niliueleza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema watu wake waliobaki wanavuka mpaka keshokutwa, na hataki kubaki peke yake katika mji huu. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Akasimama, akamchukua.

Mtoto alipigana. Alimng'ata mkono, akamwaga karai la ndagala, akashika mlango kwa vidole vyote. Mwishowe mwanikaji mwenyewe alilazimika kusaidia. Alimbandua vidole kimoja kimoja huku analia, akamweka mgongoni mwa mwanamke mwingine, akamfunga kwa kitenge chake mwenyewe kwa sababu ndicho alichokizoea. Wakatoka. Kilio cha mtoto, "Mama, mama," kilisikika mpaka barabara kubwa, na mama yake aliyembeba hakugeuka wala hakujibu, kwa kuwa si yeye aliyeitwa.

Miaka baadaye, kwa kujiadhibu, nilikaa nikaandika kisanduku cha ng'ombe katika toleo la tatu. Nilianza baada ya chai, nikamaliza kabla ya saa sita mchana. Haikuwa hata nusu siku.

Lakini pale Kimanga, siku ile, nilikuwa bado na kazi. Niliketi kwenye kizingiti, nikafungua mashine mapajani kufunga faili la mtoto. Ukurasa wa mwisho wa toleo la tatu ulikuwa na swali ambalo bila kulijibu haufungi: mtoto amefurahi kurudi kwa mzazi? Ukijibu hapana, inakufungulia kurasa sita za maelezo, na ripoti inakwenda kwa wakubwa, na wakubwa wanauliza mzazi alichelewa wapi. Mwandishi wa Luberizi alikuwa akikusanya ndagala zilizomwagika, amepiga magoti mchangani, akizipuliza vumbi moja moja na kuzirudisha karaini.

"Unaandika nini?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Ninamaliza tu, mama," nikasema, na nikabonyeza ndiyo.